Salme, binti wa Sultani aliyevuka bahari kwa meli za wenyewe

Kumbuka kile kitabu cha historia cha shule ya msingi, kile ambacho jalada lake lilishatoka kabla hakijafika mikononi mwako. Humo ndani wanaume wanasafiri tu. Krapf anatoka Mombasa kwenda kuuona Mlima Kenya. Rebmann anaiona theluji ya Kilimanjaro na watu wa kwao wanamcheka. Burton na Speke wanagombania maziwa, Stanley anamtafuta Livingstone. Wote walikuja huku, wakaandika vitabu, wakarudi kwao kupigiwa makofi. Na wanawake? Wako, ukichungulia vizuri. Mmoja anachota maji, mwingine yuko kwenye mnyororo anaelekea pwani, mwingine yuko kwao Uingereza anasubiri barua.

Sasa leo nikupe msafiri aliyekwenda upande ule mwingine. Alitoka huku akaenda kule, akawatazama Wazungu jinsi Wazungu walivyokuwa wakitutazama sisi, na akaandika kitabu. Anaitwa Salme binti Said. Wajerumani walimjua kwa jina la Emily Ruete. Pengine umewahi kuona picha yake ukitembea Unguja, ile amevaa mavazi ya kifalme na vito kichwani, anakutazama moja kwa moja. Watalii wanapenda sana kuipiga picha hiyo picha. Wanaambiwa ni hadithi ya mapenzi: binti mfalme alipendana na Mjerumani, wakatoroka. Basi. Hadithi imeisha, twende tukale pweza Forodhani.

Ila mapenzi ni sehemu ndogo sana ya mambo haya.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni, kaskazini kidogo mwa mji wa Unguja. Babake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, yule yule aliyewanyang'anya Wamazrui Mombasa mwaka 1837. Alipofariki, Seyyid Said aliacha watoto 36 walio hai. Huyo ni baba. Lakini mimi nataka tuanze na mama, kwa sababu safari ya kwanza katika hadithi hii ni ya mama.

Mama aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi, kutoka huko milima ya Kaukazi. Alipokuwa mtoto mdogo, vita vilifika kwao, wazazi wake wakauawa, yeye na ndugu zake wakachukuliwa na kutenganishwa. Hakuwaona tena. Akauzwa, akavushwa bahari, akaishia katika nyumba ya Seyyid Said, na alipokua akawa suria wake. Fikiria umbali huo kwenye ramani: kutoka karibu na Bahari Nyeusi hadi Unguja. Ni safari ndefu sana, na hakuna hatua hata moja aliyoichagua yeye mwenyewe. Vitabu vya wasafiri havina sura yake. Tunaijua habari hii kwa sababu bintiye aliiandika.

Mtoni ilikuwa kama kituo kikuu cha mabasi cha dunia. Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi, Kihabeshi, vyote vilisikika uani, ingawa mbele ya Seyyid mwenyewe ilibidi watu waongee Kiarabu. Mle ndani watu walikuwa wametoka kila pembe, lakini wanawake wa nyumba hiyo wenyewe hawakutoka ovyo. Mwanamke wa daraja la juu alitembea mjini usiku, akiwa amejifunika, kavaa barakoa (siyo ile ya korona, hii ni ya zamani, ya kufunika uso na kuacha macho), mbele yake watumwa wamebeba taa. Mchana barabara ilikuwa ya wanaume, na ya wanawake watumwa, ambao walipita uso wazi wakienda sokoni. Hapo ndipo mambo huanza kuchanganya kichwa. Mwanamke mwenye mali alifungwa na heshima yake, asiye huru ndiye aliyeonekana akipita mitaani. Usiharakishe kusema nani alikuwa afadhali. Yule wa sokoni hakuwa anaenda kwake.

Salme hakuwa mtoto wa kukaa kitako. Kaka yake Majid, wa mama mwingine, alimfundisha kupanda farasi na kutumia silaha. Halafu kulikuwa na suala la kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hapana. Kuandika kulikuwa kwa wavulana, maana msichana anayejua kuandika ataandikia nani, si unaelewa hofu ilikuwa wapi. Salme akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa mwanafunzi siku hizo, akaiga herufi za Kurani moja moja mpaka mkono ukazoea. Mimi chuo sikukimaliza, nyingi ya historia niliyo nayo nimejisomea usiku kwenye simu, kwa hivyo huyu msichana na mfupa wake nilimpenda hapo hapo.

Mwaka 1856 Seyyid Said akafia baharini, njiani kutoka Omani. Salme alikuwa na miaka 12. Akatangazwa kuwa mtu mzima kisheria na akapewa urithi wake: pesa na shamba. Shika hilo vizuri, tutalirudia: miaka 12, mwanamke, mali mkononi mwake. Miaka mitatu baadaye, 1859, kipindupindu kikamchukua mamake.

Mwaka huo huo wa 1859 akaingia kwenye siasa, na hapo ujuzi wake wa kuandika ukamtia matatani. Majid ndiye aliyekuwa Sultani. Kaka mwingine, Barghash, alitaka kumpindua. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda sana Khole, basi akavutwa naye. Wapinzani walihitaji mtu wa kuandika barua za siri. Nani anajua kuandika na hakuna atakayemshuku? Msichana wa miaka 15. Salme akawa katibu wa mapinduzi.

Majid alipogundua, aliizingira nyumba ya Barghash. Na hapa kuna tukio ambalo lingetosha filamu nzima. Mabinti wa Seyyid, Salme akiwemo, wakaenda usiku kwenye nyumba iliyozingirwa, wamejifunika gubigubi. Askari wangethubutuje kumfunua binti wa Seyyid? Wakapita. Walipotoka, walitoka na mtu mmoja zaidi chini ya ushungi: Barghash, kavaa kike, akapitishwa katikati ya bunduki za kaka yake. Mwanamume aliyetaka kuitawala Zanzibar aliweza kusonga hatua chache tu kwa sababu alivaa kile ambacho tunaambiwa kila siku kinamzuia mwanamke kusonga. Nalipenda tukio hili kupita kiasi, nitakubali.

Mapinduzi yalishindwa. Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme akajitenga mashambani. Baadaye akapatana na Majid, jambo ambalo Khole na wenzake waliliona kama usaliti, wakamtenga. Akarudi mjini akiwa hana upande: ndugu hawa hawamtaki, wale hawamwamini. Hana baba, hana mama. Nyumba yake mpya ilikuwa jirani na nyumba ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg aitwaye Rudolph Heinrich Ruete. Mapaa ya mji ule yako karibu karibu, yalikuwa karibu wakati huo na yako karibu hadi leo. Wakaanza kuongea.

Kufikia mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba.

Tusipake rangi. Binti wa Seyyid, Mwislamu, hajaolewa, ana mimba ya Mkristo. Adhabu ingeweza kuwa kifo. Na angalia nani alikuwa hatarini. Ruete angepoteza biashara, pengine angefukuzwa. Yeye angepoteza maisha. Watu wawili wamefanya jambo moja, bei mbili tofauti kabisa. Ukifika hapo ndipo unaelewa kwamba kuondoka kwa Salme hakukuwa fungate. Kulikuwa ni kukimbia.

Jaribio la kwanza lilifeli. La pili lilipangwa na mke wa Mwingereza mmoja, Bi Emily Seward, ambaye mumewe alikuwa daktari katika ubalozi mdogo wa Uingereza. Wakachagua usiku wa Siku ya Mwaka, mwishoni mwa Agosti 1866, wakati ambapo kwa mila ya Waswahili watu huenda kuoga baharini kuukaribisha mwaka mpya. Wanawake wengi ufukweni usiku, hakuna anayeuliza maswali. Akashuka hadi majini kama wengine. Tofauti ni kwamba mashua ilikuwa inamsubiri, na nje ya bandari kulikuwa na manowari ya Waingereza, HMS Highflyer. Hakuwa na miaka 22 kamili.

Meli ikaenda Aden. Ruete hakuwemo. Alibaki Zanzibar kufunga biashara zake, na Salme akamsubiri Aden kwa miezi tisa hivi. Huko, Desemba, akajifungua mtoto wa kiume, Heinrich. Tarehe 30 Mei 1867 mambo matatu yakatokea kwa siku moja: akabatizwa, akapewa jina Emily, akaolewa. Kisha wakaanza safari ya Ulaya. Jina hilo lilitoka kwa Bi Seward, yule aliyemsaidia kutoroka. Mtoto Heinrich hakufika Hamburg. Alifia njiani, ndani ya treni, nchini Ufaransa.

Ukisoma makala za wasafiri wa siku hizi wanaoeleza jinsi safari ilivyowafungua macho na kuwakutanisha na nafsi zao, kumbuka hilo behewa.

Hamburg ilikuwa baridi, na hiyo ndiyo habari njema. Watu walimkodolea macho mitaani. Alikuja kutoka mahali ambapo uso wa mwanamke wa daraja lake haukuonwa na mgeni, sasa yuko kwenye kumbi ambapo wanaume wasio ndugu wanamshika mkono na kumchunguza kama bidhaa. Nguo zilimbana. Milango ya nyumba ilifungwa, tofauti na kwao ambako upepo na watu viliingia vyovyote. Alibatizwa kabla hajaelezwa vizuri anabatizwa kuwa nani, na barua alizoandika baadaye zinaonyesha mwanamke ambaye dini ya zamani ameiacha mkononi na dini mpya haijaingia moyoni. Lugha yao ya ndani ya nyumba, yeye na mumewe, ilikuwa Kiswahili. Hebu litafakari hilo kidogo: miaka ya 1860, Hamburg, mume na mke wanapanga bajeti ya nyumba kwa Kiswahili cha Unguja. Sheng tu ndiyo ilikosekana.

Watoto watatu wakazaliwa haraka haraka: Antonie 1868, Said 1869, Rosalie 1870. Mwezi Agosti 1870, Rosalie akiwa na miezi michache tu, Ruete alikanyagwa na tramu ya farasi. Akafa baada ya siku chache.

Sasa nenda nami polepole, maana hapa ndipo ninapotaka ukae.

Salme alikuwa na miaka 25, karibu 26. Mjane, watoto watatu, na mtu wa pekee wa kuongea naye Kiswahili amekufa. Sheria ya Hamburg wakati huo haikumwona mjane kama mtu anayetosha kusimamia watoto wake na mali yao peke yake. Waliwekwa wanaume kusimamia. Pesa zikapungua, zikapotea mikononi mwa watu waliodai wanajua zaidi kumliko. Haya, rudi kule nilikokuambia ushike. Zanzibar, chini ya sheria ya Kiislamu, alipewa urithi wake akiwa na miaka 12. Hamburg, mji wa biashara na ustaarabu, Ulaya yenyewe, akiwa mama wa watoto watatu hawezi kuachiwa mali ya watoto aliowazaa.

Tunapenda kusimulia safari za wanawake kama mstari ulionyooka: alikuwa amefungwa kule, akasafiri, akawa huru hapa. Ndivyo hadithi za watalii zinavyomsimulia Salme pia, binti aliyetoka kwenye baraza la wake za Sultani na kuingia kwenye mwanga. Yeye mwenyewe hakuamini hivyo hata kidogo. Katika kitabu chake aliwaambia wasomaji wa Kijerumani wazi kwamba wanawake wa Mashariki hawakuwa masanamu ya huzuni waliyoyasoma kwenye riwaya, na kwamba ndoa za Ulaya alizoziona hazikumpa sababu ya kuwaonea wivu. Unaweza kubishana naye. Aliandika akiwa na uchungu na akiwa na hamu ya nyumbani, na mtu mwenye hamu ya nyumbani husahau kasoro za nyumbani. Lakini alikuwa na kitu ambacho wale waliomhurumia hawakuwa nacho: aliishi pande zote mbili.

Baada ya hapo akawa mtu wa kuhama: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Köln. Alifundisha Kiarabu ili watoto wale. Binti wa mtu aliyetawala kuanzia Muscat hadi pwani yetu, anahesabu senti za makaa ya kupasha chumba.

Mwaka 1875 akasikia kwamba Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, anakuja London. Yule yule aliyefichwa chini ya ushungi. Kwani ungefanyaje? Alijifunza Kiingereza cha haraka, akaacha watoto, akavuka bahari kwenda kumwona kaka yake na kudai urithi wake uliobaki Zanzibar. Waingereza hawakutaka fujo ya kifamilia iharibu ziara yao. Sir Bartle Frere akaenda kumwona na kumpa biashara: usimfuate Sultani, nasi tutaangalia maslahi ya watoto wako. Mama wa watoto watatu wasio na kitu angesema nini. Akakubali. Barghash akaondoka London bila kuonana naye. Kisha jibu likaja kwamba kwa kuwa yeye ni mtu wa Ujerumani, serikali ya Uingereza haina jukumu naye.

Kama wewe ni wa Mombasa, jina la Frere umelipita mara elfu ukienda Kisauni. Freretown, ule mtaa wenye kengele, uliitwa kwa jina lake, na ulianzishwa na wamisheni karibu na mwaka huo huo wa 1875 ili kuwapa makazi watu waliookolewa kutoka utumwani. Mtu mmoja, mwaka mmoja. Sisemi kwamba kazi ya Freretown ilikuwa ya uongo. Nasema tu kwamba jina hilo lina upande mwingine, na mjane mmoja aliyekuwa chumbani London aliujua.

Halafu likaja lile la 1885. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi bara, kule Usagara na kwingineko, kwa mikataba ya Carl Peters. Barghash alilalamika kwamba ni ardhi yake. Bismarck akatuma kikosi cha manowari Zanzibar, na katika msafara huo, kwenye meli iitwayo Adler, akawekwa Salme na watoto wake. Kwa Salme ilikuwa safari ya kwenda nyumbani baada ya miaka 19. Kwa Bismarck alikuwa karata. Kama Sultani angemdhuru, basi Mjerumani amedhuriwa, na mizinga iko tayari.

Mizinga haikuhitajika. Barghash alikubali madai ya Wajerumani bara. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakaa wakagawana, mstari ukachorwa kutoka pwani karibu na Vanga, ukakwepa Kilimanjaro, ukaenda hadi Ziwa Victoria, na Sultani akaachiwa utepe wa maili kumi pwani. Ndiyo mpaka wetu na Tanzania. Si Salme aliyeuchora, la. Lakini alikuwemo kwenye meli.

Aliposhuka Unguja, watu wa kawaida walimfuata mitaani kwa furaha. Alisikia Kiswahili kikiongewa na umati kwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa kuoga baharini. Alienda Mtoni akakuta magofu. Barghash alikataa kumwona. Kiasi kidogo cha pesa kilichotolewa alikikataa. Karata ikishachezwa hairudi mkononi. Wajerumani walipopata walichotaka, dai la Salme halikuwa na haraka tena.

Hebu hesabu nami meli zake. Ya kwanza, manowari ya Uingereza. Ya 1885, ya Bismarck. Kila alipovuka bahari kubwa katika maisha yake, kulikuwa na mwanamume nyuma ya safari aliyekuwa na sababu zake. Ndiyo maana nashindwa kumwita tu mwanamke jasiri aliyefuata moyo. Jasiri alikuwa, sana. Lakini msichana akisafiri leo kutoka Nairobi kwenda Dubai au Riyadh kufanya kazi, na pasipoti inakaa kwa mwajiri, unaona jambo hilo halijaisha. Kusafiri ni kitu kimoja, kushika usukani ni kingine.

Mwaka 1886 kitabu chake kikatoka Berlin. Ni kumbukumbu za maisha yake, alizoanza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, wajue mama yao alitoka wapi. Huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Mfupa wa ngamia umefika mbali.

Na sasa lile ambalo hadithi ya mapenzi huliruka. Katika kitabu hicho hicho Salme anautetea utumwa. Si kwa bahati mbaya, si kwa sentensi moja iliyomponyoka. Ametenga sura. Anasema watumwa wa Waarabu walitendewa vyema, anawaita watu weusi wavivu, anawalaumu Wazungu kwa kuingilia. Ukiwa umezaliwa pwani hii, au bara kule ambako misafara ilipita, unayasoma hayo tumbo likikaza. Bintiye Jilfidan, msichana aliyeibwa kwao baada ya wazazi kuuawa, anaandika hivyo. Aliweza kuililia safari ya mama yake na asiione safari ya mwanamke Myao au Mnyamwezi aliyefika Unguja kwa mnyororo, ambaye labda ndiye aliyebeba taa mbele yake usiku.

Nimekaa na hilo muda mrefu. Kuna wanaoniambia nimsamehe, alikuwa mtu wa wakati wake. Sawa, lakini mtumwa naye alikuwa mtu wa wakati huo huo, na hakuuona utumwa kuwa mzuri. Wengine wanataka nimtupe kabisa. Hilo nalo siliwezi, kwa sababu nikimtupa yeye, namtupa na mfupa, na behewa la Ufaransa, na chumba cha London. Kwangu anabaki hivyo alivyo: mwanamke aliyeona wazi kila ukuta uliomzuia yeye, na hakuiona kuta aliyokuwa amekalia.

Alijaribu tena Zanzibar mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa. Akatoka mikono mitupu. Hakurudi kukaa Ujerumani. Akaenda Jaffa, kisha Beirut, akaishi huko mpaka 1914, miaka mingi kidogo kuliko aliyoishi Unguja. Alipozeeka, mwanzoni mwa miaka ya 1920, hatimaye Zanzibar ikakubali kumlipa posho ya pauni 100 kwa mwaka. Miaka mingi ya kudai, hiyo ndiyo aliyopata.

Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Miongoni mwa vitu vyake walikuta mfuko mdogo wa mchanga wa ufuo wa Unguja, alioubeba miaka yote hiyo. Walimzika nao, Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe.

Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja mdogo jina lake. Mwaka uliofuata watu walisoma tena ile sura ya utumwa, wakalalamika, na ikaamuliwa jina hilo litolewe. Kaburi bado lipo, unaweza kwenda ukiwa na viza.